Kwa nini watazamaji wa tamthilia ya Anne Frank hawaelewani

Ukitaka kuanzisha ubishi Nairobi bila kutaja siasa wala mpira, waonyeshe watu filamu ya 1959 kuhusu familia ya Anne Frank, kisha uliza nani ameipenda. Mmoja atasema amelia. Wa pili atasema ni saa tatu za watu kugombana orofani. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye aliyesoma kitabu, atasema Wamarekani wametia sukari pasipostahili. Wote wana hoja. Tatizo ni kwamba mara nyingi hawazungumzii kitu kimoja.

Jina hilo linabeba vitu vitatu. Kuna watu wenyewe, waliojificha Amsterdam wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kuna shajara aliyoanza kuandika Anne, binti wa miaka 13, akaendelea nayo mpaka alipokuwa na 15. Halafu kuna tamthilia, iliyopanda jukwaani New York mwaka 1955 na kugeuzwa filamu miaka minne baadaye. Anayesema “yule mama ni baridi sana” anamsema mhusika aliyetungwa. Anayemjibu “hakuwa hivyo” anamtetea marehemu. Wanaweza kubishana hadi usiku wa manane na wote wakawa sahihi.

Tuanze na waliokuwapo. Otto Frank, baba yake Anne, alikuwa Myahudi wa Ujerumani, mzaliwa wa Frankfurt. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, alihamia Amsterdam na kuanza biashara ya pektini, ile inayogandisha jamu. Wajerumani wakamfuata huko Mei 1940. Tarehe 5 Julai 1942 binti yake mkubwa, Margot, alipata barua ya kuitwa kambi ya kazi. Kesho yake asubuhi familia nzima iliingia maficho yaliyokuwa yametayarishwa katika jengo la nyuma la ofisi ya Otto, Prinsengracht namba 263. Wiki moja baadaye wakaja van Pels watatu, baba, mama na kijana wao Peter, na mwezi Novemba akaja daktari wa meno, Fritz Pfeffer. Watu wanane, miaka miwili na karibu mwezi mzima, mpaka polisi walipoingia tarehe 4 Agosti 1944. Kati ya wanane hao, Otto peke yake ndiye aliyerudi hai.

Shajara nayo haikuja mezani jinsi ilivyo. Machi 1944 Anne alisikia kwenye redio waziri wa Uholanzi aliyekuwa uhamishoni akiwaomba wananchi watunze barua na shajara za wakati wa vita. Mwezi Mei akaanza kuiandika upya, akikata hapa na kuongeza pale, kwa nia ya kuitoa kitabu vita vikiisha. Baada ya vita baba yake alichanganya maandiko yale mawili, akapunguza baadhi ya maneno makali juu ya mama na mambo ya mwili, na kitabu kikatoka Kiholanzi Juni 1947. Kwa hiyo hata yule wa tatu anayejivunia kukisoma amesoma kitu kilichopitiwa na mikono miwili kabla ya kumfikia.

“Mbona hawakukimbia?”

Hili ndilo swali la kwanza Nairobi, na huulizwa kwa hasira kidogo. Filamu inawaonyesha wakiwa tayari wameamua kujificha, hivyo mtazamaji anawachukulia kama watu waliozubaa mpaka maji yakawafika shingoni.

Hawakuzubaa. Walishakimbia mara moja, kutoka Frankfurt. Mwaka 1938 Otto aliomba viza za Marekani katika ubalozi mdogo wa Rotterdam. Mei 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mji huo mabomu, na makaratasi ya maombi yakateketea. Mwaka 1941 akaanza tena, safari hii akimwandikia rafiki yake wa zamani Marekani aliyekuwa na uwezo na majina ya kugonga milango. Wakati huo masharti ya Marekani yalizidi kukazwa, kisha mwezi Julai balozi zake ndogo katika nchi zilizokaliwa na Ujerumani zikafungwa. Akageukia Cuba. Viza moja ilitolewa kwa jina lake tarehe 1 Desemba 1941. Siku kumi baadaye Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Marekani na viza ile ikafutwa.

Hayo yote hayamo kwenye tamthilia, na kwa maoni yangu ndilo pengo lake kubwa kabisa. Onyesho moja tu la Otto akiwa na bahasha mezani lingetosha kubadilisha namna tunavyomtazama mtu huyu kwa saa tatu zinazofuata. Hapa mjini wapo wasiohitaji onyesho hilo. Eastleigh na Kayole kuna familia za wakimbizi kutoka Somalia, Kongo, Ethiopia na kwingineko ambazo zimesubiri miaka na miaka barua ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Wengine waliyaona ya Aprili 2014, wakati wa ile operesheni ya Usalama Watch, ambapo maelfu walikamatwa na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani wakikaguliwa vitambulisho. Mtu aliyepitia hayo hamwulizi Otto kwa nini hakukimbia. Anauliza faili lake lilikwama ofisi gani.

Kelele

Maoni makali kuliko yote niliyowahi kuyasikia kuhusu filamu hii yalitoka kwa bibi mmoja wa zaidi ya miaka themanini, aliyekulia Bahati. Mjukuu wake aliiweka kwenye televisheni Jumapili moja baada ya chakula, sisi wengine tukatulia kwa heshima, kama watu walio ibadani. Yeye hakutulia.

“Hawa wanapiga kelele sana,” alisema, wakati Bi. van Daan, ndilo jina alilopewa Bi. van Pels kwenye filamu, alipokuwa akilia juu ya koti lake la manyoya lililomwagikiwa maziwa.

“Shosho, hapo ni jioni. Wafanyakazi wa chini wameshaenda nyumbani.”

“Na majirani je? Nao wameenda nyumbani?”

Hakuna aliyemjibu. Yeye alikuwa mtoto Aprili 1954, Waingereza walipofanya Operesheni Anvil. Asubuhi ya tarehe 24 askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji na kuanza kupekua mitaa ya Waafrika, nyumba kwa nyumba, wakiwatafuta Mau Mau na kila waliyemshuku. Watu walipangishwa foleni mbele ya wasaliti waliovishwa magunia yenye matundu ya macho, wale walioitwa gakunia. Gunia likitikisa kichwa, mtu anapandishwa lori la kwenda kambini, Lang'ata, Manyani au Mackinnon Road. Anachokumbuka Shosho ni mama yake akimziba mdogo wake mdomo kwa leso, na sufuria zikiwekwa juu ya matambara zisigonge sakafu.

Kumbe shajara inakubaliana naye kuliko filamu. Siku za kwanza kabisa Margot alikuwa na mafua mabaya, na kwa kuwa kukohoa usiku kulikatazwa, alikuwa akimezeshwa kodeini kwa wingi. Mchana, wafanyakazi wa ghala wakiwa kazini chini, watu walitembea bila viatu na choo hakikuvutwa maji. Fundi wa mabomba alipokuja Septemba 1942 kurekebisha mifereji, choo hakikutumika kabisa, na Anne anasimulia jinsi yeye na baba yake walivyoamua kutoa mhanga chupa ya kuhifadhia matunda. Mwezi Novemba mwaka huo Peter alikuwa akipandisha magunia ya maharagwe darini. Gunia moja likafumuka mshono, maharagwe yakamiminika ngazini kwa kishindo kama mvua ya mawe, na Anne akiwa amesimama chini yamemfika vifundoni. Kwa bahati siku hiyo hapakuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba. Wakacheka, wakaanza kuokota moja moja.

Jukwaa haliwezi kuishi kwa minong'ono. Mtu aliyekaa kiti cha nyuma kabisa amelipa kama wa mbele na anataka kusikia, kwa hiyo waandishi, Frances Goodrich na mumewe Albert Hackett, walisogeza karibu maisha yote ya familia hadi saa za baada ya kazi, wakati sauti inaruhusiwa. Ni uamuzi wa kifundi, na nauelewa. Lakini mtazamaji aliyewahi kujificha, au aliyewahi kumficha mtu, anaunusa uongo hapo hapo. Ndiyo maana huwa sishangai watu wazima wa Eastlands wakiikosoa filamu hii kwa jambo ambalo wahakiki wa New York hawakuligusa sana.

Swali la pili la Shosho lilikuwa fupi zaidi: nani anawaletea chakula?

Tamthilia inajibu kwa watu wawili, Miep na Bwana Kraler, wanaoingia na vikapu na kutoka. Hali halisi ilikuwa kazi ya genge zima. Ndani ya ofisi walikuwapo Miep Gies, Bep Voskuijl, Victor Kugler na Johannes Kleiman, na wawili hawa wa mwisho ndio waliounganishwa kuwa Kraler mmoja. Nje ya ofisi kulikuwa na Jan, mume wa Miep, aliyekuwa na njia ya kupata kadi za mgao wa chakula. Baba yake Bep ndiye aliyeunda lile kabati la vitabu lenye bawaba lililofunika mlango. Mkate ulitoka kwa mwoka mikate aliyefahamiana na Kleiman. Mboga zilitoka kwa Hendrik van Hoeve, muuza mboga wa jirani ambaye hakuuliza kwa nini ofisi ndogo hivyo inakula viazi vingi hivyo. Kwa lugha yetu, mama mboga wao alikuwa mwanamume. Mei 1944 yeye mwenyewe alikamatwa, kwa kuwaficha Wayahudi wengine nyumbani kwake, na meza ya wale wanane ikapungua mara moja.

Hapa ndipo maoni ya Nairobi yanapoachana na ya kwingineko. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakahama makwao. Mathare, Huruma na Kibera kulikuwa na watu waliowaingiza majirani wa kabila lingine chini ya vitanda, wakatoka nje kuzungumza na vijana wenye mapanga kana kwamba hakuna kitu. Aliyefanya hivyo, au aliyefanyiwa, akitazama filamu hii macho yake humfuata Miep. Anataka kujua alimwambia nini mwenye duka, alilala vipi, alilipa kwa pesa gani. Tamthilia haina muda na hayo. Kwa hiyo anapokwambia “sikuiona hadithi yenyewe,” usidhani hakuelewa. Hadithi aliyokuwa akiitafuta iliachwa nje ya mlango wa kabati.

Hakuna kinachotokea

Lalamiko la vijana ni la urefu. Saa tatu, nyeusi na nyeupe, chumba kilekile. Siwezi kulipuuza. Mapenzi ya Anne na Peter yamevutwa mno, na muziki unakwambia ulie kabla hujapata sababu.

Ila ufinyu ule umepangwa. Mwongozaji George Stevens alikuwa mwanajeshi mpiga picha wa Marekani, na mwaka 1945 aliingia Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi, na kamera. Alijua mwisho wa safari ile. Studio ilimlazimisha kutumia skrini pana, umbo linalofaa jangwa na farasi, wakati yeye alihitaji kuonyesha watu wasio na pa kugeukia. Akaamua kuijaza skrini nguzo, mihimili ya dari na kuta, mpaka ile nafasi ya pembeni ikawa haina faida. Ukiitazama kwenye simu huyaoni hayo. Ukiitazama kwenye televisheni kubwa ya sebuleni utaanza kutamani mtu afungue dirisha.

Magombano nayo ni ya kweli. Julai 1943 Anne na Pfeffer, waliolazimishwa kulala chumba kimoja, msichana wa miaka 14 na mwanamume wa zaidi ya 50, waligombania meza ndogo ya kuandikia. Yeye alitaka alasiri mbili kwa wiki. Daktari akakataa, akaona kazi yake ni ya maana na ya mtoto ni mchezo. Ilibidi baba aingilie kati. Mtu aliyelelewa na ndugu saba katika chumba cha kumi kwa kumi hana haja ya kuelezwa kwamba vita hiyo ilikuwa kubwa.

Wanaosema wamesingiziwa

Sasa tuje kwa yule wa tatu, msomaji wa kitabu. Hasira yake ina misingi mingi kuliko anavyojua.

Chukua mkate. Katika tamthilia, Bwana van Daan anafumaniwa usiku akiiba mkate wa wote, na mama yake Anne, aliyekuwa mpole hadi hapo, analipuka na kutaka afukuzwe. Ni onyesho lenye nguvu kuliko yote, watu huacha kutafuna bisi. Shajara haina tukio hilo. Limetungwa. Jina limebadilishwa kidogo, lakini kila mtu alijua van Daan ni Hermann van Pels, aliyekufa katika kambi ya Auschwitz na asingeweza kujitetea.

Au chukua daktari wa meno. Jukwaani anaitwa Dussel, kichekesho kinachonung'unika, Myahudi wa jina tu asiyejua hata sikukuu ya Hanukka ni nini. Fritz Pfeffer halisi alikuwa mshika dini na alikijua Kiebrania. Mwenzi wake, Charlotte Kaletta, alikuwa hai tamthilia ilipotoka, na aliwaandikia waandishi kulalamika. Jibu lao lilikuwa la kifundi tena: walihitaji mtu mmoja asiyejua ili sikukuu ielezwe kwake, na kupitia kwake ielezwe kwa watazamaji wasio Wayahudi. Fundi anaweza kuridhika na jibu hilo. Mjane sidhani.

Mama, Edith Frank, alipata hasara ya aina nyingine. Anne alimwandika kwa ukali wa msichana wa rika lake, kisha Januari 1944 akarudi kwenye kurasa zake mwenyewe na kushtuka kwa chuki aliyoikuta. Watazamaji wengi wanabaki na ule ukali wa mwanzo. Hawapati kusikia kwamba Auschwitz Edith alikuwa akijinyima mkate wake awawekee mabinti, na kwamba alikufa huko Januari 1945.

Lililozua vita kubwa zaidi, hata hivyo, ni dini. Aprili 1944 Anne aliandika kwa uchungu juu ya mateso ya Wayahudi hasa, kwa nini yawapate wao, na akasema Mungu ndiye aliyewafanya wawe walivyo. Jukwaani maneno hayo yaligeuzwa: si sisi tu tulioteseka, leo zamu ya hawa, kesho zamu ya wale. Mwongozaji wa 1955, Garson Kanin, aliona kuwa hivyo hadithi itakuwa ya kila mtu. Mwandishi Meyer Levin, ambaye tamthilia yake mwenyewe juu ya shajara ilikuwa imekataliwa, aliona kuwa Anne amenyang'anywa Uyahudi wake. Akamshtaki Otto Frank na mtayarishaji huko New York. Jopo la wazee wa mahakama likaamua alipwe dola 50,000, jaji akautupilia mbali uamuzi huo, na mwishowe wakapatana nje ya mahakama. Levin hakupona. Alilibeba jambo hilo maisha yake yote.

Nairobi hoja hii haichomi sana, na nadhani najua sababu. Wayahudi wetu wengi ni wa kwenye Biblia. Sinagogi ipo, pale University Way karibu na Uhuru Highway, na tunaipita kwa matatu kila siku bila kugeuza shingo. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1903 Waingereza waliwapa viongozi wa Kizayuni wazo la kuwapatia Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi ardhi ya Uasin Gishu, bila kuwauliza Wanandi, na kwamba mkutano wao ulilikataa mwaka 1905. Kwa hiyo mtazamaji wa hapa akisikia “si sisi tu tulioteseka” anaitikia kwa kichwa. Anajisikia ameitwa kwa jina. Mandela alisimulia mwaka 1994, akifungua maonyesho ya Anne Frank Johannesburg, kwamba yeye na wenzake walikisoma kitabu hicho Robben Island na kikawatia nguvu. Kanin angesema, mnaona? Nami nadhani hapo alikosea. Wafungwa wale walisoma shajara. Walimwona msichana wa Kiyahudi, mwenye jina, mtaa na sikukuu zake, na wakajiona wao. Hakuna aliyehitaji kumfanya asiwe na kabila ndipo awafikie.

Mwisho uliochaguliwa na watazamaji

Watu hugombania sana dakika ya mwisho, ambapo sauti ya Anne inasikika ikisema kwamba pamoja na yote bado anaamini watu wana mioyo mizuri. Mmoja anatoka na matumaini, mwingine anatoka ameudhika.

Sentensi hiyo ni yake kweli. Aliiandika tarehe 15 Julai 1944, wiki tatu kabla ya kukamatwa. Lakini hakuiweka mwisho wa kitu chochote. Mistari michache baadaye, siku hiyohiyo, anaandika kwamba anaona dunia ikigeuka nyika na anasikia ngurumo inayokaribia, itakayowaangamiza na wao pia, kisha anarudi tena kwenye tumaini. Tamthilia ilichukua pumzi moja ya fikra hiyo, ikaikata, ikaifanya pazia.

Filamu ilikuwa na mwisho mwingine. Stevens alipiga onyesho la Anne akiwa ndani ya kambi, amevaa nguo za wafungwa, katika ukungu. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio San Francisco, watazamaji hawakupenda. Studio ikaliondoa, ukabaki ule mwisho wa anga na ndege. Kwa hiyo anayelalamika Umoja au Lang'ata leo kwamba mwisho ni mtamu kupita kiasi anabishana na watazamaji wenzake wa Marekani waliokaa kwenye viti miaka zaidi ya sitini iliyopita na kusema hawataki kuona. Na lililotokea ni kwamba Anne na Margot walikufa kwa tifasi, homa inayoenezwa na chawa, katika kambi ya Bergen-Belsen, mapema mwaka 1945, kabla ya kambi kukombolewa.

Mwisho huohuo ulipokewa tofauti kabisa Ujerumani. Tarehe 1 Oktoba 1956 tamthilia ilianza kuonyeshwa katika miji saba kwa wakati mmoja. Pazia liliposhuka Berlin watu hawakupiga makofi. Walikaa kimya, wakainuka, wakatoka. Mwaka uliofuata vijana kutoka Hamburg walifunga safari hadi Bergen-Belsen kuweka maua. Wapo waliosema ukimya ule ulikuwa toba. Wengine wakasema tamthilia iliwafaa Wajerumani kwa sababu haina Mjerumani hata mmoja wa kuchukiwa ndani yake, ni buti tu zinazosikika ngazini, halafu msichana anawasamehe wote. Mimi naona yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Otto Frank mwenyewe, aliyeridhia tamthilia na kuisaidia, hakuwahi kwenda kuitazama.

Nani aliwauza?

Hili huja mwisho, watu wakiwa tayari wanatafuta viatu mlangoni. Mchezo wa 1955 unatoa jibu rahisi: ni mwizi, aliyeingia kuiba ofisini, akasikia kishindo juu, na baadaye akawataja ili ajinusuru. Unasema pia kwamba siku ile Miep alikuwa ameenda mashambani kutafuta chakula.

Miep alikuwa mezani kwake. Alielekezewa bastola. Afisa wa SS, kikosi cha Wanazi, aliyeongoza msako, Karl Silberbauer, alikuwa na lafudhi ya Vienna, naye Miep alizaliwa huko, akamwambia hivyo, na yaelekea ndiyo iliyomwokoa. Kugler na Kleiman walichukuliwa pamoja na wale wanane. Siku chache baadaye Miep alikwenda mwenyewe makao ya polisi hao wa Kijerumani kujaribu kuwakomboa kwa pesa. Ndiyo, kitu kidogo, na huwa naona sebule nzima ikiamka ikisikia hivyo. Silberbauer akamwambia hana uwezo. Katikati ya hayo yote, Miep na Bep walikuwa wameokota makaratasi ya Anne yaliyotapakaa sakafuni, na Miep akayaweka kwenye droo yake bila kuyasoma mpaka alipomkabidhi Otto mwaka 1945. Aliishi hadi Januari 2010, akiwa na miaka 100, na sioni kwa nini tamthilia ilimwondoa siku ambayo alifanya makubwa kuliko zote.

Kuhusu msaliti, polisi wa Uholanzi walichunguza mwishoni mwa miaka ya arobaini na tena mwaka 1963, wakimshuku hasa mfanyakazi wa ghala, wasipate ushahidi. Mwaka 2016 watafiti wa jumba la makumbusho la Anne Frank waliandika kwamba huenda hakukuwa na msaliti kabisa, kwamba polisi walikuja kwa ajili ya kadi haramu za mgao wakakuta watu. Januari 2022 kikatoka kitabu kilichomtaja mthibitishaji wa hati mmoja wa Kiyahudi. Wanahistoria wa Uholanzi wakakipangua hoja kwa hoja, na mwezi Machi mchapishaji wa Kiholanzi akakiondoa madukani na kuomba radhi. Shosho aliposikia hayo alitaka kujua jambo moja tu, kama huyo aliyetajwa ana wajukuu.